Vanga mpaka Lamu kwa Boxer: mambo ya kupanga kabla hujawasha pikipiki

Tangu nirudi watu wananiuliza mambo mawili tu, pikipiki gani na pesa ngapi. Yote nitayasema humu, lakini mie naona si hapo pa kuanzia. Pa kuanzia ni maji. Ukitaka kuimaliza pwani ya Kenya kwa pikipiki, kutoka mpakani kule Vanga mpaka Lamu, basi panga kwanza kwa upepo, mvua, maji kujaa na maji kutoka, na hizi hori na mito inayokatiza njia, halafu ndio uje kwenye kilomita. Nimezaliwa Mombasa, nimekulia Kisauni, pikipiki naipanda kila siku kwenda kazini Changamwe, na bado safari hii ilinionyesha kwamba pwani yangu mwenyewe nilikuwa naijua vipande vipande.

Ukiangalia ramani harakaharaka inaonekana jambo dogo. Lunga Lunga pale mpakani hadi Likoni ni kama kilomita 100, Mombasa hadi Mokowe pale unapopandia boti ya Lamu ni kama 340, jumla haifiki hata 500, mtu mwenye haraka anazimaliza kwa siku mbili. Lakini hiyo barabara kuu haiioni bahari! Utaiona ukivuka Nyali, utaiona Mtwapa, utaiona Kilifi darajani, baada ya hapo ni minazi, miembe, mikorosho, mashamba ya mkonge Vipingo, matuta na malori. Bahari iko kule upande wa kulia wako, na ili uifikie lazima uache lami kubwa uingie ndani, wakati mwingine kilomita mbili, wakati mwingine zaidi ya kumi, halafu utoke kwa njia ileile. Hizo njia za kuingia ndani ndio safari yenyewe: Vanga, Shimoni, Gazi, Takaungu, Watamu, Mambrui, Ngomeni, Kipini. Kwa hivyo nilikaa na kalamu nikaandika kila moja, kwenda na kurudi, nikajumlisha na barabara kuu kwenda na kurudi, ikapita elfu moja vizuri. Hapo ndipo mpango ukaanza kuwa mpango.

Na kitu kingine, pwani yetu si duara. Kisiwa kama Unguja unaweza kukizunguka ukatokea ulikoanzia, huku kwetu ukifika Mokowe ndio umefika, mbele ni upande wa Bodhei na msitu wa Boni, si njia ya mtu wa matembezi. Unageuza, unarudi ulikotoka. Watu wengi niliowaona wanapanga safari hii wanaweka vituo vyote wakati wa kwenda, halafu kurudi wanakimbia tu kama mtu aliyemaliza kazi, na wanachoka, na ajali nyingi ziko kwa mtu aliyechoka anayetaka kufika nyumbani. Sisi tuligawa. Kwenda kaskazini tulichukua Takaungu, Gede na Mambrui, za kurudi tukaziwekea Kipini, Ngomeni na Watamu. Kurudi kukawa na hamu kama kwenda.

Sasa msimu. Nilikwenda kwa ami yangu, aliyeendesha basi la Lamu miaka mingi kabla hajastaafu, nikamwambia, "Ami, nataka kwenda Lamu na pikipiki, wasemaje?" Hakuniuliza pikipiki gani. Akaniuliza, "Mwanangu, mwezi gani?" Nikamwambia bado sijaamua. Akasema basi kwanza amua hilo, maanake masika ikikukuta Garsen utalala hapo.

Na ni kweli. Masika, Machi mwisho mpaka Mei, achana nayo kabisa. Na usitazame mawingu ya Mombasa peke yake, maana mto Tana maji yake yanatoka juu, Mlima Kenya na Aberdare, mvua ikipiga kule bara mto unafurika huku chini hata kama nyinyi pwani jua linawaka. Mwisho wa 2023 zile mvua za El Nino zilikata barabara ya Malindi na Garsen, na upande wa Gamba watu wakawa wanavushwa na boti. Kwa hivyo kabla ya kuondoka sikiliza pia habari za mvua za bara, usiseme hayo ni ya watu wa Nairobi.

Upepo nao una lake. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, inakuja kutoka kaskazini mashariki, maana yake ukielekea Lamu inakupiga usoni, na joto la Januari na Februari ndani ya helmeti si la kuchezea. Kusi, Aprili mpaka Septemba hivi, ukienda kaskazini inakuja kutoka kulia kwa nyuma, inakusukuma, ukirudi ndio inakusumbua. Tukachagua Septemba, kusi imeanza kulegea, mvua kubwa zimepita, vuli bado. Hata hivyo daraja la Kilifi lilituonyesha. Pale juu hakuna mti wala nyumba ya kukinga, pikipiki yenye mzigo inapigwa ubavuni mpaka unaisikia inahama. Na lori likija mbele yako upepo unakatika ghafla, halafu likishapita unarudi wote mara moja. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya daraja, kaa katikati ya leni yako usijibane pembeni, legeza mikono, usiikamate hendo kama unaikaba.

Bamvua pia iangalie. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji makavu hapa Mombasa inakaribia mita nne. Utasema pikipiki na bamvua vinahusiana nini. Vinahusiana! Maji yakiwa makavu sana ile njia ya kushukia feri Likoni inakuwa mteremko mkali, na una mzigo nyuma, na mbele yako kuna watu wa miguu mia kadhaa. Shuka kwa gia ya kwanza, breki ya nyuma, usiiminye ya mbele kwenye chuma kilicholowa. Na kama ukifika Lamu unataka kuendelea na boti mpaka Pate, kuna mlango unaitwa Mkanda ambao boti hupita maji yakijaa tu, kwa hivyo ratiba yako inakuwa ya mwezi, si ya saa. Jedwali la maji linapatikana, na wavuvi watakwambia bure.

Karatasi nitapita upesi. Leseni ya pikipiki ni A2, A3 ni ya wanaobeba abiria na mizigo kwa biashara. Bima angalia tarehe, wengi wetu tunalipa ya mwezi mmoja mmoja na inaweza kuisha uko Minjila. Kama logibuku si jina lako, maanake pikipiki bado ya mkopo au ni ya mtu, beba barua ya mwenyewe na nakala ya kitambulisho chake. Kitambulisho chako asili, si picha kwenye simu. Helmeti na jaketi ya kuakisi ni sheria, wewe na uliyempakia. Njia ya Lamu utaulizwa haya mara nyingi kuliko ulivyowahi kuulizwa maishani.

Pikipiki ni Boxer 150, ileile ya kazini. Kuna marafiki walinishauri nikope kubwa zaidi, ya milima na mchanga. Nimefurahi sikukubali. Boxer ukipata shida Marereni, ukipata shida Witu, spea iko na fundi anaijua kwa kuisikiliza tu. Pikipiki kubwa ikikufa huko unangoja kitu kutoka Mombasa au Nairobi. Mwenzangu, yeye ni mtu wa bodaboda Likoni, alikuja na TVS yake, hesabu ni ileile.

Fundi wangu wa Kongowea tulikaa naye karibu kutwa nzima. Oili mpya, plagi mpya na ya zamani nikaibeba kama akiba, valvu zikapimwa, kichujio cha hewa kikasafishwa, breki shu za nyuma zikabadilishwa, kebo ya klachi mpya na ya pili ikafungwa kabisa sambamba na ile ya kwanza, yaani ikikatika ni kuhamisha ncha tu. Hilo la kebo ni la kwake yeye fundi na ni akili kubwa, mfanyieni pikipiki yoyote ya safari. Cheni usiikaze sana, acha ichezecheze kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, na uipime ukiwa na mzigo juu, maanake mzigo ukiikalisha pikipiki cheni inajikaza yenyewe. Tairi la nyuma nilitia jipya, la zamani lilikuwa na maisha bado lakini kwa mchanga wa Kipini lingenitesa. Vifaa nilivyobeba: tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kutolea tairi, pampu ya mkono, viraka, kiungo cha cheni, fyuzi, balbu, waya wa kufungia, na seti ya spana. Huo ndio mzigo wa maana, nguo ni za kupunguza.

Kiti nacho. Kiti cha Boxer kwa safari za mjini ni sawa, kwa kutwa nzima mgongo na makalio yanalia. Nilikwenda kwa fundi wa viti vya sofa akaongeza sponji ngumu chini na laini juu, shilingi 1,200, na naapa katika pesa zote nilizotumia hizo ndizo nilizifurahia zaidi.

Mzigo weka chini na mbele, vizito karibu na kiti, vyepesi nyuma, na funga kwa mipira ya tyubu kuukuu, inakaza kuliko kamba. Halafu usiende safari kabla hujajaribu. Siku moja Jumapili tulifunga mzigo wote kama tunaondoka, tukapanda nao Kwale mpaka Shimba Hills, ule mlima na zile kona zinakwambia kila kitu: mfuko gani unahama, kamba gani inalegea, breki inashika vipi na uzito ule. Tulirudi jioni tukapunguza karibu nusu ya nguo.

Tukaanza kusini. Sababu yake ni moja na ninaiona ndiyo siri ya kupanga pwani hii kwa mtu wa Mombasa: mji wetu uko katikati. Ukianza na Vanga unarudi kupita nyumbani kabla ya kuelekea kaskazini. Upande wa kusini ni mfupi, hauna wasiwasi mkubwa, ukivunjikiwa uko karibu, na ukipita nyumbani unarekebisha yote yaliyoonekana. Mie nilipopita nilibadilisha viatu, nikaacha hema ambalo hatukulihitaji hata siku moja, nikaongeza mafuta ya cheni.

Kwenda kusini siku hizi una njia mbili, Likoni kwa feri au Dongo Kundu unazunguka bila kungoja mtu. Dongo Kundu ni nzuri, lami safi, madaraja marefu, ila upepo wake ni kama ule wa Kilifi. Tulikwenda kwa feri kurudi kwa Dongo Kundu. Mamangu alinisindikiza mpaka Likoni. Watu wa umri wake kila wakiona feri wanakumbuka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walizama pale, na yeye mpaka leo hakanyagi feri bila kusoma dua. Alinishika bega akasoma na yangu pia.

Kusini sitaisimulia yote. Vanga ni kijiji cha wavuvi, mbele yake ni Tanzania, ukifika unajua nchi imeisha kwa sababu simu inaanza kushika mtandao wa jirani, kwa hivyo zima kuhama mtandao usije ukaliwa kirediti. Shimoni niliingia kwenye mapango waliyofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa majahazini, nilitoka sina maneno, tukakaa gatini na mwenzangu muda mrefu hatuongei. Gazi nawaomba msipite. Kina mama pale wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, unalipa kidogo wanakutembeza, na kijiji hicho na jirani yake Makongeni tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kutunza mikoko inayoifyonza, kupitia ule mradi wa Mikoko Pamoja, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Mama mmoja alituonyesha aina za mikoko kwa majina, mkoko, muia, mchu, mkandaa, na upi mzuri kwa boriti upi kwa kuni. Tulikula hapo wali wa nazi na samaki, 300 kila mmoja.

Kaskazini kuna mambo mengine. Mtwapa kwenda Kilifi barabara ilikuwa inapanuliwa, vumbi, michepuko, malori ya kokoto, na matatu ambazo hazingoji mtu. Ondoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri, ukifika Kilifi mji ndio kwanza unaamka. Ngoja kidogo uvuke darajani jua likiwa limetoka. Daraja lile limefunguliwa 1991, kabla yake ilikuwa feri, na ami anasema foleni yake ilikuwa ya kupikia chai. Takaungu ni kituo kidogo lakini maji yake hayana mfano. Gede jengea saa mbili au tatu, ule mji uliohamwa msituni, kuta, misikiti, makaburi, visima, na asubuhi mapema una kivuli, mchana unachemka.

Mpango wetu ulikuwa tulale Malindi halafu tuifanye Malindi mpaka Mokowe kwa siku moja. Kilomita si nyingi, zaidi ya 200 tu kidogo. Ila ilibidi tugawe, na ningemshauri yeyote aigawe au aondoke na alfajiri ya kwanza, kwa sababu kuanzia Malindi kwenda mbele unahesabu mwanga. Kanuni ya ami ilikuwa saa tisa alasiri pikipiki iwe imezimwa, popote ulipo. Ukishavuka Sabaki vituo vinakuwa mbalimbali, kivuli kinapungua, Gongoni na Marereni ni mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma, beba miwani. Hapo ndipo tairi la mwenzangu la nyuma lilipotoka upepo, mwiba wa mgunga umeingia mpaka ndani. Tulitoa tyubu juani, saa sita, tukatia mpya, na vijana wawili waliokuwa wanapita na baiskeli wakashuka wakatusaidia kushika bila kuombwa. Ukikaa chini ya jua lile nusu saa unaelewa kwa nini nasema maji lita tatu kila mtu, na kikoi kilicholoweshwa shingoni. Saa tisa ikatukuta Minjila na tukalala hapo, gesthausi ya 800, safi, feni inafanya kazi.

Petroli: jaza Malindi, jaza tena Minjila hata kama tanki bado limeshiba. Boxer inakwenda mbali kwa lita moja, lakini hutaki kuwa mtu wa kuhesabu matone baina ya Gamba na Witu. Na bei mpya za mafuta hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, kama safari yako inapita hapo weka kitu juu.

Sasa njia ya Lamu. Niseme ukweli wa moyo, niliogopa. Usiku ule wa Minjila sikulala vizuri. Mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 hakuna mtu wa pwani aliyeyasahau, na baada yake njia hii imeshuhudia mengine. Mamangu alikuwa ameshanipa ruhusa ya kusini na kuninyima ya Lamu, tukazungumza siku nyingi, mwisho tukakubaliana niwe nampigia nikiwa Malindi, Minjila, Witu na Mokowe, na nisipopiga kwa saa fulani ampigie ami, na ami anajua nani wa kuuliza. Kila msafiri wa njia hii aache mpango kama huo na mtu mmoja anayeshika simu. Asubuhi kabla ya kuondoka nenda kwenye kituo cha basi, waulize madereva waliotoka Lamu leo, wao ndio wenye habari mpya. Nenda mchana peke yake, fuatana na magari, usisimame porini kupiga picha. Ukifika kwenye kizuizi punguza mwendo mapema, vua helmeti, salimia, taja unakotoka na unakokwenda. Pahali pamoja tulitakiwa "chai" kidogo ingawa karatasi zetu zote zilikuwa sawa, tukaonyesha karatasi moja moja kwa utaratibu na adabu mpaka tukaachiwa, ilichukua muda lakini hatukutoa. Askari wengi wengine walikuwa wema kabisa, mmoja alimpa mwenzangu maji.

Na barabara yenyewe, lami! Wazee wanaosimulia ile njia ya zamani, mchanga na tope, basi kukwama siku mbili, wakiiona sasa wanashukuru. Tulikwenda taratibu, hofu ikawa inashuka kilomita kwa kilomita. Witu tulikunywa chai na mahamri, mzee mmoja akatusimulia kwamba mji ule ulikuwa usultani, wa Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, na Wajerumani waliushika 1885 mpaka 1890 ndipo wakaingia Waingereza. Mie miaka yote Witu kwangu ilikuwa jina la kituo cha basi.

Mokowe pikipiki inabaki. Wako watu wa kulinda pale gatini, tulilipa 200 kwa usiku kwa kila moja, tukapiga picha ya namba na mileji mbele ya mlinzi, tukatoa plagi moja tukaenda nayo. Boti ya abiria ni pesa ndogo. Lamu mji wa kale huendi na pikipiki na huna haja nayo, vichochoro vile ni vya miguu na punda, na mwili baada ya kutetemeka siku nzima unataka hivyo hasa. Kaa zaidi ya usiku mmoja. Sisi tulipanga mmoja tukaongeza, kwa sababu ukigeuza mara moja unarudi njia ya hatari ukiwa na uchovu.

Kurudi tukaingia Kipini. Ni mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo, kaa nyuma kwenye kiti, usikatize gesi ghafla, ukihisi mbele kunayumba ongeza gesi badala ya kubana breki. Kipini ndipo Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, unaingia baharini, maji mekundu yanakutana na ya buluu na yanakwenda bega kwa bega mbali sana kabla hayajachanganyika. Na ndipo watu wanaposema lilipo kaburi la Fumo Liyongo. Nimesoma habari zake tangu shule ya msingi, kusimama pale nilitetemeka, mwenzangu akavua kofia. Kama una nafasi ya njia moja tu ya kuingia ndani upande wa kaskazini, chagua hii. Ngomeni ilikuwa ya upesi, unaona kwa mbali ile mitambo ya Waitaliano baharini, San Marco, iliyorusha setilaiti tangu 1967, halafu Watamu tukapumzika.

Kusi ya kurudi ilitupiga usoni Malindi mpaka Kilifi, na mafuta yakaliwa zaidi kuliko wakati wa kwenda kwa njia ileile. Hilo liwekeni kwenye hesabu.

Pesa basi. Mafuta yalinikaribia 5,500. Kulala, kati ya 800 na 2,000 kwa usiku, tukigawana chumba, na usiku kadhaa tulilala kwa jamaa. Ukienda kwa jamaa beba sukari, unga au matunda, usifike mikono mitupu. Kula 600 mpaka 800 kwa siku. Kutayarisha pikipiki, tairi, spea na sevisi, ilikwenda 9,000. Helmeti nzuri ya uso mzima 6,500, na hii sibishani na mtu. Viingilio na boti kama 4,000. Nilitenga 8,000 nyingine ya dharura kwenye simu na 3,000 taslimu ndani ya soksi, kwa sababu mtandao ukikatika simu haikununulii hata maji. Ya dharura ilirudi karibu yote.

Ukifika nyumbani usiiache pikipiki na chumvi yake. Mashamba ya Gongoni, mchanga wa Kipini, upepo wa bahari siku zote hizo, chumvi imeingia kila mahali. Ioshe kwa maji baridi ya kutosha, spoki, chini ya injini, ndani ya breki, ikauke, cheni ipake mafuta sikuhiyohiyo. Mwenzangu alirudi stejini kesho yake asubuhi kwa sababu watoto wanataka kula, namwelewa, lakini spoki zake zilianza kutu mapema na akazibadilisha. Yangu fundi aliifungua akakuta mchanga kwenye beringi ya gurudumu la nyuma, akatia mpya, na cheni na sproketi tukabadilisha seti nzima, 2,800 pamoja na mkono wake, na hizo pia ziandike kwenye bajeti kabla hujaondoka.